Ukiitoa nyama sahanini, unaweka nini mahali pake?

Katika Nairobi ya siku hizi, maneno "nimeacha nyama" husikika kila mahali, kuanzia foleni ya zahanati hadi meza za ofisini wakati wa chakula cha mchana. Kuna walioambiwa na daktari wapunguze nyama kwa sababu ya jongo, maradhi ambayo wengi wetu huyaita gauti. Kuna walioingiwa na hofu mwezi wa Julai 2019, uchunguzi wa televisheni ulipodai kwamba nyama katika baadhi ya maduka makubwa ilikuwa ikitiwa kemikali ili ionekane mbichi kwa siku nyingi. Kuna pia ambao bei ya buchani ndiyo iliyowaamulia. Sababu zinatofautiana, lakini baada ya wiki mbili au tatu wengi hujikuta pale pale: wamechoka, wana njaa, wameirudia nyama, na wanaamini kwamba mwili wa binadamu hauwezi kutegemea mimea.

Ndugu yangu, ambaye ni dereva wa matatu, alipitia njia hiyo mwaka jana. Daktari alimshauri apunguze nyama, naye akaiacha yote siku iyo hiyo. Jumatatu alikula ugali na sukuma wiki, Jumanne ugali na kabeji, Jumatano ugali na sukuma tena. Alhamisi jioni alinipigia simu akisema kichwa kinamwanga na mikono haina nguvu, na Ijumaa aliketi Kenyatta Market mbele ya nusu kilo ya nyama choma, akaimaliza peke yake. Nilipomuuliza alikuwa ameweka nini mahali pa nyama, alinijibu kwa mshangao wa kweli, "Si ni sukuma, dadangu?"

Jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Hakubadilisha chakula, alikipunguza. Aliitoa nyama na kuacha pengo, kisha njaa ya pengo lile akaitafsiri kuwa ni mwili kuikataa mimea.

Sehemu ya mkanganyiko huu imo katika lugha yenyewe. Katika Pwani na Tanzania, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, hata kama ni nyama au samaki, ilhali mkazi wa Nairobi akisikia mboga huona majani tu. Kwa hivyo mtu akiambiwa ale mboga badala ya nyama, hufikiria sukuma, mchicha na kabeji, na hapo hesabu hukosewa tangu mwanzo. Ni afadhali tuseme ulaji wa mimea, tukimaanisha mlo ambao sehemu yake kubwa hutokana na nafaka, jamii ya kunde, njugu, mbegu, majani, viazi na matunda. Mla mboga, kwa maana inayotumiwa na wataalamu wa lishe, hali nyama ya kiumbe chochote, wakiwemo kuku, samaki na hata omena, ingawa anaweza kunywa maziwa na kula mayai. Wale wanaoitwa vigani huacha pia maziwa, mayai na asali. Aliyeacha ng'ombe na mbuzi lakini anakula kuku bado ni mla nyama. Hakuna ubaya katika hilo, ila ajue yuko wapi ili ajue anachokihitaji. Wengi wanaozungumza habari hii mjini hawataki kuwa vigani. Wanataka nyama ishuke kutoka kila siku hadi mara moja au mbili kwa wiki, na hao ndio ninaowaandikia zaidi.

Ili kujua cha kuweka mahali pa nyama, tuanze na kazi ambayo nyama hufanya. Ya kwanza ni kuupa mwili protini, na protini ni kama mkufu wa shanga. Mwili hutumia shanga za aina 20, ziitwazo asidi amino, na 9 kati yake hauwezi kuzitengeneza, hivyo ni lazima zitoke kwenye chakula. Nyama, maziwa na mayai huja na zote tisa kwa viwango vinavyokaribia mahitaji yetu. Mahindi yana uhaba wa moja hasa, iitwayo laisini, na mtu anayetunga mkufu kwa mahindi peke yake hukwama shanga hiyo inapoisha, hata kama nyingine zimejaa bakuli. Maharagwe yana laisini tele lakini yamepungukiwa na shanga nyingine iitwayo methionini, ambayo mahindi yanayo. Vichanganye viwili hivyo katika sufuria moja na utapata githeri, chakula kilichopikwa katika nyanda za juu za nchi hii muda mrefu kabla ya wapishi wake kulisikia neno laisini. Kwa hakika chapati kwa ndengu, wali kwa maharagwe na mbaazi za nazi kwa mahamri zote ni hesabu ile ile iliyofanywa na wapishi wa sehemu mbalimbali.

Hapa wengine huingiwa na wasiwasi kwamba ni lazima vyakula hivyo viliwe kwa pamoja, la sivyo protini itapotea. Si kweli. Mwili huweka akiba ndogo ya asidi amino inayozunguka kutwa, kwa hivyo uji wa asubuhi na ndengu za jioni hukutana bila wewe kuvisimamia. Kinachohitajika ni kwamba katika siku nzima uwe umekula nafaka na kitu cha jamii ya kunde.

Na kiasi je? Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kumaanisha kwamba mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa hutoa karibu 26. Kikombe cha kamande zilizopikwa hutoa kama 18, cha maharagwe 15, cha ndengu 14, na konzi moja ya njugu karanga, yaani gramu 30 hivi, hutoa 7. Kikombe cha sukuma iliyopikwa hutoa 4 au 5 tu. Tazama tena sahani ya ndugu yangu kwa nambari hizo, na uchovu wa Alhamisi unaeleweka. Sukuma ni chakula kizuri mno, kina vitamini nyingi, na madini yake ya chokaa, yaani kalisi, hufyonzwa na mwili vizuri kuliko yale ya spinachi, lakini kazi ya nyama haiwezi kuifanya. Mrithi wa nyama ni jamii ya kunde: maharagwe, ndengu, kamande, njahi, mbaazi, kunde, minji, soya na njugu. Sukuma ibaki pembeni mwa sahani ilikokuwa siku zote.

Kazi ya pili ya nyama ni madini ya chuma, yale yanayoisaidia damu kubeba hewa. Chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko chuma cha mimea, na hapa mila yetu moja tuipendayo hutuponza. Mkenya hupenda chai na chakula, lakini chai ina viambata vinavyokishika chuma cha mimea tumboni na kukizuia kupita, hata kuupunguza ufyonzwaji wake kwa zaidi ya nusu. Kwa upande mwingine, vitamini C hukifungulia njia. Kwa hiyo anayekula maharagwe na chapati huku akinywa kikombe cha chai ya majani, na anayekula chakula icho hicho pamoja na kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa ndimu kisha akasubiri saa moja kabla ya chai, hawapati chuma sawa, ingawa sahani zao zinafanana. Wanawake walio katika umri wa kupata hedhi wanapaswa kulizingatia jambo hili zaidi ya wote. Unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa ukiwa umefungashwa nchini unatakiwa kisheria kuongezwa chuma na zinki, utaratibu uliofanywa wa lazima mwaka 2012, lakini mahindi unayoyapeleka mwenyewe kwenye posho mill hayapati nyongeza hiyo.

Kazi ya tatu ndiyo ambayo mimea haiwezi kuirithi, nami sitaki kuifunika. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini akiikosa kwa muda mrefu hupungukiwa damu, miguu na mikono hufa ganzi, na neva zinaweza kuharibika zisipone. Jambo linalowadanganya watu ni kwamba ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, kwa hivyo aliyeacha vyote vya wanyama hujiona mzima mwaka wa kwanza na wa pili, akaamini kwamba maonyo yalikuwa ya uongo. Anayeendelea kunywa maziwa, ya moto au ya lala, na kula mayai kila wiki huwa na njia ya kuipata. Aliyeacha vyote anahitaji vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na hakuna jani, mwani wala unga wa spirulina unaoweza kuchukua nafasi hiyo kwa uhakika. Wanaotumia dawa ya metformin kwa sababu ya kisukari wajue pia kwamba dawa hiyo hupunguza B12 mwilini. Wamwambie daktari kabla ya kubadilisha mlo.

Kwa watoto, uangalifu uwe mkubwa zaidi, na ushahidi tunao hapa nyumbani. Mwaka 1998 watafiti walianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 500 wa shule 12 za msingi huko Embu. Baadhi walipewa githeri iliyotiwa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chochote shuleni. Waliopata nyama ndio waliosonga mbele zaidi katika jaribio la kufikiri kwa kutumia maumbo, na misuli yao ilikua zaidi. Walikuwa watoto ambao nyumbani walipata nyama kwa nadra sana, kwa hivyo utafiti huo hausemi kwamba mtoto wa Nairobi anayekunywa maziwa na kula mayai ataharibikiwa akikosa nyama. Unasema kwamba tumbo dogo la mtoto hujaa upesi kwa mahindi na maharagwe kabla ya kupata zinki, chuma na B12 za kutosha. Mzazi anayehama kutoka nyama asiuhamishe mlo wa mtoto mdogo kwa kasi yake mwenyewe, na mjamzito azungumze kwanza na muuguzi wa kliniki.

Sasa tuje kwenye neno "polepole". Anayepunguza nyama huambiwa aende hivyo, na watu hulichukulia neno hilo kuwa huruma kwa wasio na msimamo, kumbe lina sababu ya kimwili. Utumbo wetu una bakteria wengi, na kila kundi lina chakula kinacholifaa. Jamii ya kunde ina nyuzinyuzi na aina ya sukari ambayo sisi hatuwezi kuimeng'enya, kwa hivyo huwafikia bakteria hao ikiwa nzima, nao huila na kutoa gesi. Mtu aliyezoea kijiko kimoja cha maharagwe kwa wiki akila sahani mbili kwa siku ni kama shamba lenye kibarua mmoja lililoivisha mazao yote kwa usiku mmoja. Ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne, bakteria wanaohitajika huongezeka na tumbo hutulia. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, na upike kwa maji mapya. Sehemu ya sukari hiyo huondoka na maji ya kwanza. Maharagwe mekundu hasa hayafai kuliwa yakiwa hayajaiva, kwa kuwa yana sumu iitwayo lektini ambayo huvunjwa na mchemko mkali wa angalau dakika 10. Moto wa kufifia tangu mwanzo hautoshi kuivunja, hata ukikaa saa nyingi.

Polepole pia humpa mpishi nafasi ya kujifunza, na hili naliona ni zito kuliko yote. Wengi wetu tulikula githeri ya shule ya bweni, iliyochemshwa bila kitunguu, ikiwa na wadudu wanaoelea, na tulipopata mshahara wa kwanza tuliapa kutoigusa tena. Kiapo hicho kilikuwa dhidi ya upishi, na nafaka imeadhibiwa bure. Nyama husamehe upishi mbaya kwa sababu ina mafuta na ladha yake. Ndengu zinataka kazi. Kitunguu kikaangwe hadi kikaribie rangi ya kahawia. Kitunguu saumu na tangawizi vitwangwe papo hapo, visitoke kwenye chupa. Nyanya ziachwe motoni, bila haraka ya kuongeza maji, mpaka mafuta yajitenge pembeni na harufu ibadilike kutoka ya uchachu na kuwa ya utamu. Hapo ndipo ndengu zilizochemshwa huingia, na chache zipondwe kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Dania mwishoni. Kwa maharagwe na mbaazi, tui la nazi hukamilisha kazi. Ladha nzito tunayoisaka kwenye nyama hutokana kwa sehemu na kukaanga huko hadi kahawia, na mimea nayo huipata ikipewa muda.

Muda na gesi ya kupikia ndivyo kikwazo cha kweli cha mkazi wa chumba kimoja. Hakuna anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku akaanza kuchemsha maharagwe. Lakini jiji limekwisha kulijibu swali hilo: katika mitaa mingi kuna kina mama wanaouza githeri na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, wakipima kwa kikombe kutoka kwenye ndoo iliyofunikwa. Kamande hazihitaji kulowekwa na huiva kwa nusu saa hivi. Mwenye friji achemshe kilo nzima Jumamosi na kuigawa kwenye mikebe.

Ngazi ya kwanza ambayo nimeona ikifaulu haitoi nyama kabisa. Nyama ya kusaga inayonunuliwa kwa kawaida ipunguzwe nusu na nafasi yake ijazwe kamande, zikaangwe pamoja. Wengi mezani hawatambui. Baada ya wiki kadhaa, chagua siku mbili ambazo sufuria itakuwa na jamii ya kunde peke yake. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga vyakula vya wanyama Jumatano na Ijumaa, na mikahawa yao ya hapa Nairobi huandaa injera yenye vilima vya kamande, dengu na mboga ambavyo humshibisha mla nyama wa kupindukia. Parklands na Ngara kuna familia za asili ya Kigujarati ambazo hazijala nyama kwa vizazi vingi, na mikahawa ya mitaa hiyo ni shule kwa anayetaka kuonja kabla ya kupika. Mbuzi wa Krismasi, wa ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) na wa Idi ya kuchinja waachwe walivyo. Siku hizo ni chache katika mwaka, na anayeanza kwa kugombana na ukoo wake juu ya mbuzi wa sherehe huchoka mapema.

Katika mazungumzo haya kuna habari tatu ambazo hupotoshwa mara nyingi. Ya kwanza ni ile ya Oktoba 2015, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilipoiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji, bekoni na zile smokie zinazopasuliwa barabarani na kujazwa kachumbari, katika kundi moja na tumbaku, na nyama nyekundu katika kundi la "huenda ikasababisha saratani". Watu walisikia kwamba soseji ni sawa na sigara. Makundi hayo hupima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Ni kama mahakama inayothibitisha kwamba mshtakiwa aliiba, bila kusema kama aliiba kuku au ng'ombe. Makadirio yenyewe yalikuwa kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Tuseme, kwa mfano, kwamba watu 50 kati ya 1,000 wangeupata ugonjwa huo maishani. Nyongeza hiyo ingewafikisha 59. Ni sababu nzuri ya kuanza kupunguza soseji kabla ya nyama yenyewe.

Ya pili ni kwamba soya huwafanya wanaume kuota matiti. Soya ina viambata vinavyofanana kidogo na homoni za kike, lakini tafiti zilizopima homoni za wanaume wanaoila kwa kiasi cha kawaida hazikuona zikibadilika. Ya tatu inawahusu wenye jongo, ambao huambiwa waache maharagwe pamoja na nyama kwa kuwa vyote vina purini, viambata ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi inayoleta jongo. Purini za jamii ya kunde hazijaonekana kuongeza mashambulizi kama zile za nyama, maini, matumbo na bia. Mgonjwa anayeacha vyote viwili akabaki na ugali na chai hujinyima bila faida.

Tukumbuke pia kwamba chipsi, soda, mandazi na mkate mweupe vyote ni vyakula vya mimea. Anayehama kutoka nyama choma hadi chipsi amefuata jina.

Ndugu yangu alianza upya mwezi wa Machi, safari hii akianza na kamande ndani ya nyama ya kusaga. Sasa hula nyama Jumapili, na siku nyingine moja ikiwa kazi ilikuwa nzuri. Wiki iliyopita nilimkuta kituoni akisubiri abiria wajae, mkebe wa njahi na chapati mbili ukiwa juu ya dashibodi, ndimu iliyokatwa ikiwa ndani ya mfuniko. Chai alikuwa ameiacha kwenye chupa. Alisema atainywa akifika mjini.